UZI: Utafiti wa baada ya uzamivu kuhusu nishati na maendeleo, anzia pale waya unapoishia

Mpimaji_Umeme (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimeona maswali mengi kutoka kwa wenzetu waliomaliza uzamivu au wanaokaribia kumaliza, kwenye uchumi, uhandisi, jiografia na sera za umma, wanaotaka kwenda kufanya utafiti wa baada ya uzamivu kuhusu upatikanaji wa nishati kwenye nchi za kipato cha chini. Baadhi wamenitumia maandiko yao ya mradi niyasome. Karibu yote yanauliza jambo lile lile: kaya ya kijijini ikiunganishiwa umeme, kipato chake kinapanda kwa kiasi gani? Nimeona nijibu hapa jamvini ili kila mwenye hoja aitoe.

Msimamo wangu ni huu. Miaka miwili au mitatu ya utafiti wa namna hii ni michache, na ndiyo miaka pekee ambayo msomi analipwa kufikiri bila mzigo wa kufundisha. Usiitumie kuuliza nani ameunganishwa. Itumie kuuliza umeme uliofika unafanya kazi gani, kwa saa ngapi, kwa nguvu kiasi gani, na nani anaugharamia. Huko ndiko tusikokujua, na huko ndiko wenye kufanya maamuzi wanakopapasa gizani.

Tuanze na hesabu za dunia. Ripoti ya mwaka 2025 ya kufuatilia Lengo la 7 la Maendeleo Endelevu inaonyesha kwamba mwaka 2023 watu wapatao milioni 666 hawakuwa na umeme, na takribani asilimia 85 yao wako Afrika Kusini mwa Sahara. Mwaka 2022 walikuwa milioni 685, idadi iliyokuwa imepanda kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja wa kushuka, kwa kuwa watu waliongezeka haraka kuliko nyaya. Sizidharau namba hizi, kila mradi mkubwa unasimama juu yake. Lakini tazama nani anahesabiwa kuwa "ana umeme". Mwaka 2015 ESMAP, mpango wa Benki ya Dunia, ilitoa mfumo wa ngazi kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 1 inataka wati 3 tu, saa 4 kwa siku, na angalau saa 1 jioni. Hiyo ni taa na chaji ya simu, basi. Ngazi ya 5 inataka wati 2,000, saa 23 kwa siku, na saa 4 za jioni. Aliye ngazi ya 1 na aliye ngazi ya 5 wanaishi maisha mawili tofauti kabisa, ila kwenye jedwali la taifa wote wawili wamewekewa alama ya "ndiyo".

Sasa tuje kwenye tafiti zenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Taryn Dinkelman alichapisha mwaka 2011 utafiti wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, akitumia mteremko wa ardhi: penye mteremko mkali kuvuta laini ni ghali, kwa hiyo vijiji vya tambarare vilipata umeme mapema. Aligundua ajira za wanawake ziliongezeka kwa pointi 9 hadi 9.5 za asilimia. Lipscomb, Mobarak na Barham (2013) waliangalia Brazil kwa miaka 40, kuanzia 1960 hadi 2000, nao wakakuta faida kubwa kwenye maendeleo ya watu na thamani ya nyumba. Ukisoma hizo mbili unatoka na matumaini.

Halafu unakutana na Lee, Miguel na Wolfram (2020). Wao walifanya jaribio nasibu kwenye jamii 150 za magharibi mwa Kenya: baadhi ya kaya zilipewa ruzuku ya kuunganishiwa, nyingine hazikupewa. Bei ya kawaida ilikuwa shilingi 35,000 za Kenya. Hata ilipopunguzwa hadi 15,000, kaya nyingi bado hazikuunganishwa. Na waliounganishwa, baada ya mwaka mmoja hadi miaka mitatu hivi, hawakuonekana kubadilika sana kimapato, kielimu wala kiafya. India nako, Burlig na Preonas walipima RGGVY, mpango wa taifa wa kupeleka umeme vijijini ulioanza mwaka 2005, ambao ulichukua vijiji kwa kigezo cha idadi ya watu. Walilinganisha vilivyozidi kidogo watu 300 na vilivyopungukiwa kidogo. Kwa vijiji vidogo hivyo, mabadiliko ya kiuchumi yalikuwa madogo mno. Kwa vijiji vikubwa zaidi, faida ilianza kuonekana.

Wengi wanasoma hapo na kuuliza: nani mkweli? Wote. Kila mmoja alipima umeme wa aina yake, kwenye mahali pa aina yake, kwa muda wake. Brazil ilipimwa kwa miongo, na huko umeme ulifungua miji na viwanda. Magharibi mwa Kenya ilipimwa kaya maskini iliyopata waya, haina mkopo wa kununua vifaa, na umeme wenyewe unakatika. Ukichanganya vyote hivyo kwenye neno moja "kuunganishwa", wastani utakaoupata hauelezi mtu yeyote aliye hai.

Niwape picha moja ya karibu. Kuna fundi cherehani niliyemtembelea wakati wa kazi ya uwandani. Mita iko ukutani, malipo yake hayana deni, na kwenye takwimu za nchi yeye ni mteja wa gridi. Cherehani yake ina mota, lakini mkanda wa pedali haujatolewa, umening'inia pembeni. Nikamuuliza kwa nini. Akasema asubuhi anashona kwa mota. Ikifika jioni, wakati wateja wanakuja kuchukua nguo na majirani wote wamewasha vitu vyao, mota inanguruma bila kuzunguka, basi anarudisha mkanda na kupiga pedali. Tuliweka kifaa cha kurekodi volteji kwenye soketi yake. Mchana kilisoma vizuri tu. Kuanzia machweo mstari ulikuwa unashuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa, unakaa huko hadi watu wanapolala, kisha unapanda tena usiku wa manane usipohitajika. Kwenye daftari za shirika la umeme hapakuwa na tatizo lolote, kwa sababu umeme haukukatika.

Dodoso lolote linalouliza "je, kaya ina umeme?" litamwandika huyu fundi "ndiyo". Na mtafiti akikuta kipato chake hakijapanda, ataandika kwamba umeme hausaidii biashara ndogo. Ndilo kosa ninalotaka tuliache.

Karibuni, hasa mlio ndani ya sekta.

Kandili84

Mkuu, shukrani kwa uzi. Ila nina wasiwasi. Ukienda kwa waziri wa fedha ukamwambia "tafiti zinaonyesha kuunganisha kaya maskini hakupandishi kipato", unadhani atasema "basi tuboreshe huduma"? Atasema "basi tusipeleke." Watu wa kijijini watakuwa wamekosa mara mbili. Umeme una heshima yake, mtoto kusoma usiku, mama kujifungua kwenye zahanati yenye taa. Hivyo havionekani kwenye mapato.

Mpimaji_Umeme

Ndugu Kandili, wasiwasi wako ni halali na naubeba kila ninapoandika. Ndiyo maana nasema tusiishie kwenye "athari ni sifuri". Sifuri ya mtu aliyepata saa 4 za umeme mdogo haisemi chochote kuhusu mtu aliyepata saa 23. Mtafiti akishindwa kueleza ni huduma gani aliipima, amempa waziri silaha mbaya mkononi.

Zahanati ni mfano mzuri kuliko kaya, kwa maoni yangu. Pale huhitaji kusubiri kipato. Friji ya chanjo ama imebaki kwenye nyuzi zake za baridi ama haikubaki. Kipimo ni kidogo, kinaeleweka, na mganga mkuu anaweza kuchukua hatua wiki hiyo hiyo.

Na kuhusu heshima, Aklin na wenzake (2017) walifanya jaribio la sola ndogo Uttar Pradesh, India. Umeme uliongezeka kwenye kaya na matumizi ya mafuta ya taa ya magendo yakapungua, lakini hawakuona mabadiliko mapana ya biashara wala akiba. Mimi sisemi hiyo ni hasara. Kuondoa kibatari ndani ya nyumba ni jambo jema kwa haki yake. Tusiliuze tu kwa jina la ukuaji wa uchumi, kwa sababu ahadi ikishindwa watu watatupa na lile jema.

Fundi_Laini

Nipo kwenye usambazaji, sitataja wapi. Alichoandika mwanzisha uzi kuhusu yule fundi cherehani ni kazi yetu ya kila siku, na wasomi wachache sana wanaijua.

Naomba niwaelezee jinsi kukatika kwa umeme kunavyorekodiwa, ili msije mkachukua takwimu zetu mkazitafsiri vibaya. Mashirika mengi yana vipimo kwenye kituo cha kupozea umeme na kwenye laini za msongo wa kati, zile zinazoleta umeme hadi transfoma za mitaani. Laini ya msongo wa kati ikianguka, mfumo unajua, muda unaandikwa, na hicho ndicho kinachoingia kwenye wastani wa mwaka wa saa ambazo mteja alikaa bila umeme. Ila fyuzi ya transfoma ya mtaani ikiungua, au waya wa msongo mdogo ukikatika kwa mti, hakuna mfumo unaojua. Tunajua mteja akipiga simu. Mtaa wenye watu wanaojua kulalamika unaonekana una matatizo mengi. Mtaa wa maskini waliokata tamaa unaonekana shwari kabisa. Mtafiti akija na kompyuta yake akachora ramani kwa data zetu, atahitimisha kwamba maskini wana umeme bora.

Umeme mdogo ndio kabisa hauandikwi. Transfoma ndogo iliyowekwa kwa kaya chache, baada ya miaka imebebeshwa mara mbili. Wale wa mwisho wa laini ndio wanaoumia, kwa sababu volteji inapungua kadiri waya unavyorefuka na mzigo unavyoongezeka. Kwa hiyo ndani ya transfoma moja kuna wateja wenye umeme mzuri na wateja wenye umeme mbovu, na tofauti yao ni umbali tu kutoka kwenye nguzo ya kwanza. Nyie wa uchumi mnaopenda kulinganisha makundi yanayofanana, hapo pana kitu.

La mwisho, ukija ofisini kuomba data usiende kwa mkuu wa uhusiano wa umma. Nenda kwa watu wa upotevu wa umeme na mapato. Wao wana shida ya kila mwezi inayowasumbua, wana data za mita, na wakiona utawasaidia watafungua mlango.

Mpimaji_Umeme

Mkuu Fundi_Laini, post yako ni andiko zima la mradi. Narudia kwa msisitizo kwa wanaosoma: umbali kutoka kwenye transfoma. Kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyejenga mwisho wa laini ni aliyehamia baadaye na ni maskini zaidi, kwa hiyo umbali peke yake haukupi ulinganifu safi. Lakini shirika likiongeza transfoma ya pili katikati, wale wa mwisho wanakuwa wa mwanzo ghafla, bila wao kuhama wala kubadilika. Ukiwa na tarehe za kuongeza transfoma na rekodi za ununuzi wa uniti kabla na baada, una utafiti usiohitaji dodoso jipya hata moja. Wiki chache za vifaa vya volteji kwenye nyumba kadhaa zinakuthibitishia kwamba huduma ilibadilika kweli.

Jiko_Banifu

Wakuu mnazungumza umeme tu. Nishati ya kupikia mnaisahau kama kawaida, na ndiyo kubwa kuliko zote kwa idadi. Watu takribani bilioni 2.1 bado wanapikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo au mafuta ya taa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Tatizo hili ni miongoni mwa matatizo ya nishati yanayoua zaidi, na fedha zake za utafiti ni chache.

Na huku hoja ya mwanzisha uzi ina nguvu zaidi. Hanna, Duflo na Greenstone walifuatilia majiko banifu Orissa, India, kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza moshi ulipungua. Baadaye tofauti ikafutika, kwa sababu watu hawakuyatumia kila siku, hawakuyatengeneza yalipoharibika, na jiko la zamani liliendelea kuwaka pembeni. India hiyo hiyo ilianzisha mpango wa Ujjwala mwezi Mei 2016, na kufikia 2019 familia milioni 80 zilikuwa zimepewa mtungi wa gesi. Ni kazi kubwa, nawapongeza. Lakini wengi hawakurudi kujaza mtungi mara za kutosha kuacha kuni. Ukihesabu mitungi iliyogawiwa, umeshinda. Ukihesabu milo iliyopikwa kwa gesi, bado una safari.

Ndiyo maana nawasihi vijana: wekeni kihisi cha joto kwenye jiko. Ni kifaa kidogo, kinarekodi joto la jiko kila dakika chache kwa wiki nyingi. Mtu akiulizwa "unatumia jiko ulilopewa?" atajibu ndiyo kwa heshima ya mgeni. Kihisi hakina adabu hiyo. Mimi nimekaa na grafu za namna hii nikiona jiko jipya limepanda joto asubuhi tu, kwa chai, na jiko la mafiga limewaka mchana na jioni. Grafu moja kama hiyo inakupa maswali ya kuuliza ambayo dodoso lisingekupa: kwa nini asubuhi tu? Sufuria kubwa haikai? Gesi inaokolewa kwa siku ya mvua? Hapo ndipo unarudi kwa mama mpishi na kumsikiliza.

Kandili84

Dada Jiko_Banifu, na ule utafiti mkubwa wa gesi kwa wajawazito? Nilisoma kwamba haukuleta matokeo.

Jiko_Banifu

HAPIN. Ulifanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda, wajawazito kama 3,200, nao walipewa jiko na gesi bure kwa miezi 18. Tofauti na Orissa, hawa walitumia gesi kweli na moshi waliovuta ulishuka sana. Hata hivyo uzito wa watoto wakati wa kuzaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana, matokeo yalichapishwa 2022. Inaumiza, lakini tuisome kwa makini. Inawezekana hewa ya nje bado ni chafu kwa jirani anayepikia kuni. Inawezekana mimba ilikuwa imeshapita hatua za mwanzo. Na uzito wa mtoto ni kipimo kimoja tu kati ya vingi. Mtafiti wa baada ya uzamivu mwenye ujuzi wa afya angeweza kulichukua swali la jirani peke yake, la kijiji kizima kubadilika kwa pamoja badala ya kaya moja moja, na angekuwa ametusaidia sana.

Nikiwa hapo hapo: someni Berkouwer na Dean (2022), Nairobi. Jiko banifu la mkaa la dola 40 lilipunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 39, yaani linajilipa ndani ya miezi michache, na bado watu hawakuwa tayari kulipa zaidi ya sehemu ndogo ya bei hiyo. Walipopewa mkopo, kiasi walichokuwa tayari kulipa kiliongezeka maradufu. Watu walishajua faida. Walichokosa ni hela ya siku ya kwanza. Elimu kwa umma isingewasaidia hao.

Mchumi_Mkongwe

Nimesoma kwa makini na naheshimu michango, ila naona uzi mzima umekaa jikoni na sebuleni. Hakuna nchi iliyotoka kwenye umaskini kwa balbu za kaya. Nchi zinatoka kwa viwanda, na viwanda vinataka umeme mwingi, wa bei nafuu, usiokatika. Allcott, Collard-Wexler na O'Connell (2016) walionyesha upungufu wa umeme India ulipunguza mapato ya kiwanda cha wastani kwa asilimia 5 hadi 10. Na walioumia zaidi ni wadogo wasio na jenereta. Kijana mwenye uzamivu na miaka miwili mkononi, kwa nini asiende kwenye viwanda?

Pili, mnaongelea huduma bila kuongelea fedha za shirika. Burgess, Greenstone, Ryan na Sudarshan walieleza mzunguko huu vizuri mwaka 2020: jamii ikiuona umeme kama haki ya bure, watu hawalipi na wanaungana kwa wizi, serikali inavumilia, shirika linapata hasara kwa kila uniti linayouza, kwa hiyo linagawa umeme kwa mgao. Umeme ukiwa mbovu, watu wanasema "nilipie nini?" Volteji ya yule fundi cherehani ni dalili. Ugonjwa uko kwenye mizania ya shirika.

Mpimaji_Umeme

Mzee wangu, nakubali nusu ya pili yote na sehemu ya nusu ya kwanza.

Viwandani, ndiyo, watu waende. Mtu mwenye msingi wa uchumi wa makampuni asikimbilie kaya kwa sababu tu wafadhili wanapenda picha za kaya. Ila sitaki tuseme kaya si maendeleo. Sehemu kubwa ya watu kwenye nchi hizi hawaajiriwi na kiwanda, wanajiajiri kwenye chumba cha mbele cha nyumba zao. Cherehani, kinyozi, kuchomelea, kusaga, kugandisha. Mita moja inahudumia nyumba na karakana, na takwimu zinaiita kaya. Mpaka wa "matumizi ya nyumbani" na "matumizi ya uzalishaji" tumeuchora sisi kwenye ofisi zetu.

Kuhusu shirika, umegusa penyewe. Mteja anayenunua uniti chache kwa mwezi halipii gharama ya kumfikishia laini. Kila kaya maskini inayounganishwa inaongeza sifa ya waziri na inaongeza hasara ya shirika. Aprili 2024 Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilitangaza Mission 300, watu milioni 300 wa Afrika wapate umeme kufikia 2030. Ni nia kubwa na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini swali la miaka hii hadi 2030 ni hilo la kwako: mashirika yatabaki na uwezo wa kutengeneza transfoma zilizoungua? Mtu anayejua kusoma mizania na anayejua pia kusoma data za mita angeweza kujenga kazi ya maisha yake hapo. Hao wawili kwa kawaida ni watu tofauti, wako majengo tofauti, hawasalimiani.

Mwanaidi_Uzamivu

Shikamooni wakubwa. Nimetetea tasnifu majuzi. Nimepata nafasi ya miaka miwili kwenye chuo cha nchi tajiri, mradi ni wa profesa mwenyeji, uwanda ni nchi za kwetu kusini. Nina maswali mawili yanayoninyima usingizi. Data nitakazokusanya zitakuwa za nani? Na muda, nikianza dodoso langu mwenyewe nitamaliza?

Mpimaji_Umeme

Marahaba dada, na hongera sana.

La kwanza, liulize kabla ya kusaini, kwa maandishi, kwa upole na bila kuzunguka. Data ghafi zitakaa wapi? Baada ya mkataba kuisha nitaweza kuzitumia? Makala ya kwanza nitakuwa mwandishi wa kwanza? Wenzetu wa chuo cha nchi husika watakuwa waandishi au watashukuriwa chini ya ukurasa? Profesa mwema hatachukia maswali haya. Akichukia, umejifunza kitu mapema. Nimeona mtafiti kijana aliyeongoza kazi yote ya uwandani, akasimamia wadadisi kwenye mvua, na mkataba ulipoisha nywila yake ikafungwa. Hakuwa ameomba chochote kwa maandishi, na hapakuwa na wa kumtetea.

Watu wa kijijini nao wana haki kwenye hizo data. Mita inayosoma kila dakika inajua mtu ameamka saa ngapi, amesafiri lini, ana friji au hana. Usizichapishe kwa ngazi ya nyumba hata kama umefuta majina. Na yule uliyemwekea kifaa ukutani arudishiwe alichopima, kwa lugha yake. Fundi cherehani wetu tulimpa karatasi yenye mstari wa volteji yake, akaenda nayo ofisi ya shirika. Ilikuwa mara ya kwanza ana ushahidi mkononi.

La pili, usianze dodoso jipya mwaka wa kwanza. Kibali cha utafiti, kamati ya maadili, makubaliano na shirika la umeme, hivyo tu vinaweza kula miezi mingi, na hakuna njia ya mkato ya halali. Omba vibali siku ya kwanza, halafu wakati unasubiri fanya kazi kwenye data zilizopo. Tafiti za kaya za mfumo wa ngazi wa Benki ya Dunia zipo wazi kwa nchi kadhaa. Tafiti za LSMS, zile za Benki ya Dunia za hali ya maisha ya kaya, zipo. Mwanga wa usiku kutoka angani upo bure, mfululizo wa setilaiti za DMSP kwa 1992 hadi 2013 na wa kihisi cha VIIRS kuanzia 2012. Tahadhari moja kuhusu mwanga wa usiku: setilaiti inaona taa za nje na mkusanyiko wa nyumba, haioni friji ndani ya chumba wala volteji. Na ile mifululizo miwili isiunganishwe kama ni kifaa kimoja, maana DMSP inajaa mwanga katikati ya miji na kushindwa kupambanua zaidi.

Fundi_Laini

Naongeza kwa dada Mwanaidi: ukija kwetu, kaa. Usije siku mbili na barua. Panda gari la dharura na mafundi usiku mmoja, uone nguzo inavyopandwa na simu zinavyopokelewa. Ukirudi kwenye kompyuta utajua kila safu ya data ilizaliwaje, na ipi imejazwa tu ili fomu isibaki wazi.

Mwanaidi_Uzamivu

Nimewaelewa na nawashukuru wote. Swali la mwisho: mkataba unaanza baada ya miezi michache. Kabla ya hapo nifanye nini cha maana, sina bajeti hata senti?

Mpimaji_Umeme

Chukua data ya mfumo wa ngazi ya nchi moja unayoijua vizuri. Tafuta kaya zinazosema zina umeme wa gridi, kisha utenganishe wanaopata saa nyingi na wanaopata chache, na wanaosema vifaa vyao vimewahi kuungua kwa umeme kupanda na kushuka. Angalia nani anamiliki nini kwenye kila kundi. Usidai sababu na matokeo, eleza tu kilichopo, kurasa chache.

Halafu mwandikie mhandisi mmoja wa usambazaji na mwenye karakana mmoja, uwatumie kurasa hizo, uwaulize wapi umekosea. Majibu yao yaambatanishe kwenye barua yako ya kwanza kwa profesa mwenyeji. Utakuwa umefika na swali lako mwenyewe kabla hajakugawia la kwake. Ukipata ugumu kwenye kusafisha data, andika hapa hapa kwenye uzi, tupo.